Umeitwa mafunzo ya udereva wa lori? Jiandae kwa lori lililosimama

Kama kampuni ya malori imekupigia simu ikakwambia njoo uanze mafunzo ya madereva wapya, hongera sana, na nakuomba usome hii kabla hujapanga begi. Mimi nimepita humo kama mwanafunzi, baadae nikakaa upande wa pili nikawa nafundisha, na kitu kimoja nimekiona kinajirudia kila kundi linaloingia: watu wanajiandaa kuendesha. Wanaangalia video za malori yanakata kona milimani, wanawaza gia, wanawaza barabara kuu, afu wanakuja kuangukia vitu vinavyofanyika lori likiwa limesimama au linatambaa mwendo wa mtu anayetembea. Ukaguzi wa asubuhi. Kupima upepo. Kufunga tela. Rivasi. Karatasi. Barabarani utafundishwa taratibu na mwalimu yuko pembeni yako, hakuna anayetegemea uje unajua. Ila hayo mengine unaweza kuanza nayo leo, nyumbani, bila lori, na ndo yanayoamua nani anabaki na nani anafungasha.

Mwili kwanza

Anza na mwili maana huo huwezi kuuandaa kwa kukesha usiku mmoja kama mtihani wa shule. Karibu kila kampuni itakupima kabla hujagusa usukani: macho, masikio, presha, sukari, mkojo kwa ajili ya madawa. Nenda mwenyewe ukapime mwezi mmoja kabla. Presha ikiwa juu una muda wa kuishughulikia na daktari wako, lakini ukigundua siku ile ya kupimwa, umefika umechoka na safari, hujalala, umekunywa kahawa vikombe vitatu ili uchangamke, itapanda hata kama kawaida yako sio hivo, na daktari anaandika anachokiona kwenye mashine. Kama unavaa miwani nenda na mbili. Kama watu wa nyumbani wanakwambia unakoroma mpaka pumzi inakata na unaamka bado umechoka, hilo lipeleke hospitali mapema, lina jina na lina tiba, na kwa dereva wa masafa marefu sio la kuchekea.

Na fomu ya afya ijaze ukweli wote. Kuna kijana namkumbuka, mikono mizuri sana kwenye stelingi, alikuwa anameza dawa ya mafua na mzio, zile za kulevya kidogo, hakuiandika kwa sababu aliogopa. Siku ya nne saa nne asubuhi mwalimu kamkuta anasinzia kiti cha pembeni wakati mwenzie anaendesha. Dawa yenyewe ingebadilishwa tu, zipo zisizoleta usingizi. Walimrudisha kwa sababu ya ile fomu, kwamba kama hiki kidogo umeficha, kesho utaficha breki inayovuja. Iliniuma kwa sababu alikuwa na uwezo kabisa.

Usingizi nao uandae. Mafunzo mengi yanaanza alfajiri, na ukifika na saa ya mwili wako ya zamani, ile ya kulala saa nane usiku, wiki ya kwanza nzima utakuwa unasikia maneno ila hayaingii. Wiki mbili kabla anza kulala na kuamka muda watakaokutaka. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo uwezo wake unashuka kufikia wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na kiwango hicho nchi nyingi zinakukamata. Saa 17 sio nyingi hivo, ukiamka saa kumi na moja alfajiri zinatimia saa nne usiku.

Mkataba usisaini umesimama

Hapa ntakuwa mfupi ila nakuomba usipite haraka. Kampuni nyingi zinakufundisha "bure", afu ndani ya mkataba kuna kipengele kwamba ukiondoka kabla ya muda fulani unarudisha gharama za mafunzo. Sio wizi, wametumia hela kwako, lakini lazima ujue kabla. Uliza maswali haya na majibu uyaone yameandikwa: Wakati wa mafunzo nalipwa au silipwi, na kama nalipwa ni kwa siku, kwa kilomita, au posho tu? Nalala wapi na nani analipia? Nikifeli mtihani narudia mara ngapi? Nikiondoka katikati ya muda nadaiwa yote au inapungua kadri nilivyofanya kazi? Wakinifukuza wao je, bado nadaiwa? Hilo la mwisho ndo watu wanasahau kuuliza. Omba nakala ulale nayo usiku mmoja. Kampuni inayokataa kukupa mkataba ukausome imeshakupa jibu.

Na hela ya kuishi wiki kadhaa weka pembeni, iache na nyumbani pia, maana mtu anayepigiwa simu kila jioni kwamba unga umeisha hawezi kukariri namba za upepo.

Ukaguzi: ongea kwa sauti

Sasa tuingie penyewe. Kila asubuhi kabla lori halijatoka, dereva analizunguka na kuhakikisha linaweza kwenda na linaweza kusimama. Kwenye mafunzo utafanya hivo mbele ya mtu mwenye karatasi, na kosa linaloangusha watu wengi kuliko yote ni ukimya. Mtu anaangalia tairi, macho yanaangukia sehemu sahihi kabisa, kichwani anajua anachokagua, ila mdomo umefunga. Mtahini haoni kilichopo kichwani mwako. Anaandika alichosikia. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilizunguka lori lote vizuri sana, nikaguse huku nikaguse kule, nikapewa karatasi yenye nafasi tupu nyingi, nikadhani nimeonewa. Mwalimu akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakirudia kwa wengine, "Gusa, taja jina, sema inatakiwa iweje." Hivo vitatu. "Hii ni tairi ya mbele kushoto, haina mpasuko, haina uvimbe, kashata zake, yani meno ya tairi, zipo za kutosha, upepo napima na geji."

Unaweza kuanza leo na gari lolote, hata la jirani ukiomba ruhusa. Chagua njia moja ya kulizunguka na usiibadilishe kamwe: anzia mbele, ingia injini, shuka upande wa dereva, zunguka nyuma, rudi upande wa pili. Njia moja kila siku ni muhimu kwa sababu siku ukiwa umechoka miguu itakumbuka kichwa kikisahau. Fanya kwa sauti. Mwanzoni utajisikia vibaya watu wakikuangalia, ukifika yadini, ule uwanja wa mazoezi wa kampuni, utakuwa umeshazoea.

Vitu vya kuangalia kwa karibu ni vingi, ntakutajia vile ninavyoviona vinafundisha jicho. Nati za tairi: usiangalie tu kama zipo, angalia kutu. Ukiona mstari wa kutu unatoka kwenye nati unachuruzika kwenye rimu kama machozi, au chuma kinang'aa kuizunguka nati, kuna kitu kinacheza pale, hiyo nati imelegea au ilishawahi kulegea. Tairi za nyuma zinazokaa mbili mbili: ingiza tochi katikati, angalia hazigusani na hakuna jiwe limebanwa, hilo jiwe likichomoka kwenye mwendo linaenda kwenye kioo cha mtu. Kupiga tairi na nyundo ukasikiliza mlio kutakwambia ipi imeisha kabisa, hakutakwambia ipi imepungua, kwa hiyo nunua geji yako. Tairi za mbele zinadaiwa zaidi kuliko nyingine, Marekani kwa mfano za mbele zinatakiwa ziwe na kashata zenye kina cha karibu milimita 3.2 wakati za nyuma na za tela 1.6 zinapita, na sababu yake ni rahisi, tairi ya mbele ikipasuka usukani unakwenda nayo.

Halafu springi na yubolti zake (bolti zenye umbo la U zinazozishikilia), mipira ya upepo isiwe inasuguana na kitu, busta za breki (yale makopo ya chuma yanayosukuma breki) zimeshika vizuri, taa zote, reflekta, wipa, honi, vioo. Hivi ukishakuwa na njia yako vinakuja vyenyewe.

Upepo

Kama una siku moja tu ya kusoma kitu, soma breki za upepo. Gari dogo breki zake zinasukumwa na maji ya breki, hili linasukumwa na hewa iliyobanwa na kompresa kwenye matangi. Wengi wanakuja wakiamini kwamba upepo ukiisha breki zinaisha. Kwenye breki ya kuegeshea ni kinyume kabisa: ndani ya busta kuna springi nzito sana inayotaka muda wote kufunga breki, na upepo kazi yake ni kuizuia. Unapovuta kitufe cha kuegesha unaachia upepo, ule mlio wa "pshhh", na springi inafunga. Ndo maana lori lililokaa siku nyingi bila kuwashwa halisukumiki. (Na busta yenye hiyo springi usiifungue kamwe mwenyewe na spana yako, ile springi ikifyatuka inaua.)

Hatari iko katikati, pale upepo umepungua kiasi kwamba mguu wako haupati nguvu vizuri lakini springi bado hazijafunga. Kwa hiyo kuna kengele na taa. Madereva wanaojiandaa na mtihani wa Marekani wanakaririshwa namba, na hata kama kwenu zinatofautiana kidogo zinakupa picha: kengele ilie geji ikishuka kwenye 60 mpaka 55 psi hivi (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo), ambayo ni kama baa 4, na springi zijifunge zenyewe mahali fulani kati ya 45 na 20. Ukizima injini ukaachia breki, kichwa (lile gari la mbele lenye injini) na tela kwa pamoja visipoteze zaidi ya 3 psi kwa dakika moja. Ukikanyaga pedeli ukaishikilia dakika nzima, isizidi 4. Kabla ya kuachia breki kwa kipimo hiki weka vigingi kwenye tairi, hata uwanja ukiwa umenyooka kama meza.

Kinachowashinda wanafunzi ni mpangilio. Wanazijua namba ila wanaanza na kengele wakati injini inawaka, kompresa inaendelea kujaza, wanapampu pedeli geji haishuki wanatoka jasho. Andika hatua zako kwenye karatasi, bandika ukutani karibu na kioo, kila ukipiga mswaki zisome kwa sauti kwa mpangilio huo huo. Zima, funguo irudishe kwenye umeme bila kuwasha, achia breki, subiri dakika, soma geji, kanyaga, subiri dakika, soma geji, pampu mpaka kengele, endelea kupampu mpaka vitufe viruke vyenyewe. Halafu fuata ya kampuni yenu itakayokupa, ukishazoea mpangilio mmoja kubadilisha kidogo sio kazi.

Kufunga tela

Hii nitakaa nayo kidogo kwa sababu tela linaloachia barabarani haliombi msamaha kwa mtu. Nyuma ya kichwa kuna ile sahani kubwa yenye grisi, ina mdomo na taya ndani yake. Chini ya tela kuna pini nene ya chuma, kingipini. Unarudi nyuma taratibu, pini inaingia mdomoni, taya zinafunga. Rahisi kusema.

Kabla hujarudi shuka uangalie urefu. Tela linatakiwa liwe chini kidogo tu kuliko sahani, ili kichwa kikiingia kilinyanyue kidogo. Likiwa juu sana, pini inakaa juu ya taya badala ya kuingia ndani, ukiwa kwenye kiti unasikia "kong" unadhani imeshika, kumbe tela limelala tu pale juu. Kwa hiyo ile sauti usiiamini. Shuka na tochi, chutama, angalia vitu viwili: kati ya sahani na tumbo la tela hakuna mwanga unaopita, na taya zimezunguka shingo ya pini zimefunga, sio kichwa cha pini. Kishikio cha kufungulia kiwe kimerudi mahali pake. Halafu huku miguu ya tela bado iko chini na breki za tela zimefungwa, panda, weka gia ndogo, vuta mbele taratibu sana. Likikataa kuja, umeshika. Ndo baadae unapandisha miguu mpaka juu kabisa.

Mipira ya upepo ni miwili. Mwekundu ndo unaojaza matangi ya tela na kuachia breki zake, wa pili unabeba amri ya mguu wako, huo Marekani ni wa bluu, Ulaya ni wa njano. Ukiiunganisha kinyume breki za tela hazitafanya kazi inavyotakiwa, na tela la zamani sana lisilo na springi, kama matangi yake hayana upepo kabisa, linaweza hata likawa halina breki. Kwa hiyo baada ya kuunganisha, sogea kidogo, jaribu breki za tela peke yake, usikie linakushika.

Rivasi na mfuniko wa sufuria

Kurudi nyuma na tela ndo machozi ya wiki ya pili. Ubongo wako umezoea gari dogo, unataka kwenda kushoto unakata kushoto. Tela linakwenda kinyume, ukikata usukani kulia mkia wa tela unakwenda kushoto. Na ukiendelea kukata linajikunja mpaka kichwa kinataka kugusana na tela.

Fanya hivi nyumbani. Tafuta kigari cha kuchezea chenye tela, au unganisha maboksi mawili ya kiberiti na pini, weka mezani, chora mistari miwili ya chaki iwe ndo nafasi ya kuegesha. Mkono mmoja usukume kichwa taratibu, uone mwenyewe jinsi ukipinda kichwa kidogo tu tela linavyochelewa, chelewa, afu ghafla linaenda. Ule ucheleweshaji ndo somo lote. Mwanafunzi anakata, haoni kitu, anaongeza, haoni kitu, anaongeza tena, afu zote tatu zinakuja kwa mpigo. Halafu chukua mfuniko wa sufuria uwe stelingi, ushike kwa mkono mmoja pale chini kabisa, pale ambapo namba 6 ingekuwepo kama ni saa ya ukutani. Ukishikia hapo hesabu inanyooka: unataka mkia wa tela uende kushoto, peleka mkono kushoto, unataka kulia, peleka kulia. Fanya kila jioni dakika kumi na tano. Nimewaona watu waliofanya hivi tu wakawapita waliokuja na miaka ya kuendesha vigari vidogo.

Ukifika yadini, mwendo uwe wa konokono, kata kidogo, subiri, nyoosha mapema kuliko unavyodhani. Ikiharibika nenda mbele unyooke uanze upya, hiyo sio aibu, ndo ufundi wenyewe. Na shuka uangalie. Shuka hata mara tatu. Wenzako watakuwa wamekaa pembeni wanaangalia na utajisikia kama unawachelewesha, usijali kabisa, mwalimu mzuri anaandika alama nzuri kwa anayeshuka. Ukipewa nafasi ya kuchagua, rudi ukikunjia upande wako wa dereva ambako unaona mkia kwa macho yako dirishani, upande wa pili kioo kinakuonyesha ubavu wa tela tu.

Ukishatoka getini

Barabarani nitasema machache. Lori kubwa lenye mzigo likiwa kwenye kilomita 88 kwa saa, barabara kavu, kuanzia jicho linapoona hatari mpaka linasimama linahitaji zaidi ya mita 135, uwanja wa mpira wa miguu unaisha na bado unakwenda. Breki za upepo zina kuchelewa kwake, kama nusu sekunde hewa inasafiri kwenye mipira, na kwa mwendo huo hiyo nusu sekunde imekula kama mita 12. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne. Kuacha nafasi kuna kanuni rahisi: sekunde moja kwa kila mita 3 za urefu wa lori lako, na ukivuka kilomita 64 kwa saa ongeza moja. Lori la mita 18 ni sekunde 6, kwenye mwendo 7. Unaweza kuanza kuhesabu hata ukiwa abiria kwenye basi, gari la mbele likipita nguzo anza moja, mbili, tatu.

Mteremko: gia unaichagua kabla hujaanza kushuka, sio katikati. Kama umepanda na gia fulani, shuka na hiyo au ndogo zaidi. Injini ndo ikushikilie, mguu unakuja kusaidia, unakanyaga mpaka mwendo ushuke kama kilomita 8 chini ya ule uliopanga, unaachia, ukipanda tena unarudia. Kulalia breki mlima mzima zinapata moto, zinaanza kunuka, afu pedeli ipo ila lori halisimami.

Kuhusu gia zenyewe, malori mengi mapya yanabadilisha yenyewe, lakini uliza mtihani wako utafanyia lori gani, kwa sababu kuna nchi ambazo ukifanyia la otomatiki leseni yako inabaki kwa malori ya otomatiki tu. Na kwenye kona kumbuka tairi za mwisho za tela hazipiti ulipopita wewe, zinakata ndani, kwa hiyo kichwa kinatakiwa kiende mbele zaidi kabla hujakunja, na macho kwenye kioo cha ndani ya kona, pale ndo mtu wa baiskeli anapokuwepo.

Masaa ya kazi soma ya nchi utakayofanyia kabla hujaenda. Ulaya ni mapumziko ya dakika 45 baada ya saa 4 na nusu za kuendesha, na saa 9 kwa siku kwa kawaida. Marekani ni saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14. Ukifika unajua hata hili tu, darasa la karatasi litakuwa jepesi.

Kuishi na mwalimu

Kampuni nyingi baada ya yadi zinakupandisha kwenye lori na mwalimu kwa wiki kadhaa. Chumba chenu ni kile kibini, mnakula humo, mnalala humo. Siku ya kwanza muulize tu, "Mwalimu, ukiwa unaendesha unapenda nikuulize maswali au nisubiri tusimame?" Swali hilo moja linaokoa ugomvi wa wiki nzima. Oga kila nafasi inapopatikana. Simu ikae begi wakati wa kazi, na usivae spika za masikioni ukiwa kiti cha pembeni, pale unajifunza kwa kusikia injini. Akikukemea kwenye hatari usijibu wakati huo, tekeleza, mkisimama ndo unasema, "Mwalimu pale sikuelewa, naomba nielekeze tena." Lakini heshima ni ya pande mbili. Mwalimu anayekutukana kila siku, anayekulazimisha kuendesha masaa yakiwa yameisha, au anayekugusa au kukusemea maneno yasiyofaa, huyo unaripoti ofisini na unaomba kubadilishwa. Dada zangu hasa, ulizeni mapema kabla ya kusaini utaratibu wa kulala ukoje na kama unaweza kupangiwa mwalimu mwanamke, ni swali la kawaida na kampuni yenye akili ina jibu tayari.

Begi: buti zilizofunga kifundo zenye soli isiyoteleza, glavu, kizibao cha reflekta, tochi ya kuvaa kichwani (mikono yako inabaki huru chini ya tela, hii usiache), geji ya tairi, daftari dogo linaloingia mfukoni, dawa zako kwenye pakiti zake, ndala za bafuni, shuka. Leseni na vyeti na orodha ya kazi zako za miaka iliyopita pamoja na tarehe, nakala mbili. Ndala ziishie bafuni. Na kupanda na kushuka kwenye lori kila mara uso uangalie kibini, viungo vitatu vishike muda wote, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja. Usiruke. Nimeona mtu mafunzo yameisha siku ya pili kwa kifundo cha mguu, lori limezimwa, limeegeshwa.

Na ukifeli mtihani wa kwanza, wengi tunafeli kimoja, kabla hujaondoka pale yadini muombe mtahini akuonyeshe kwenye karatasi ni kipengele gani hasa. Kiandike neno kwa neno. Uliza unarudia lini na kama kuna mtu anaweza kukaa nawe nusu saa kwenye hicho tu kabla ya siku hiyo. Usiku huo usirudie yote, rudia hicho, kwa sauti, mpaka aliyelala kitanda cha jirani akikariri na yeye.